Bi Nukta na Irabu Aliyoirudisha

Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, aliyempa mja wake afya ya kuimaliza kazi aliyoianza, Bi Nukta anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini Juni, baada ya kulitumikia jumba letu la densi kwa miaka thelathini na saba na miezi minne. Aliingia kwa mlango wa mbele akiwa karani wa mapokezi, na anatoka kwa mlango huo huo akiwa mwalimu wa mazoezi na mhifadhi wa hatua. Baina ya kuingia na kutoka ameandika madaftari arubaini na moja, na hakuna hata moja lililopotea.

Wasifu huu ofisi imeuagiza kwa mtunza funguo, mzee ambaye amestaafu mara mbili na mara mbili akaitwa tena. Hoja ya ofisi ni kwamba wengine waliomfahamu Bi Nukta tangu ujana wake ama wamehama ama wametangulia mbele ya haki. Basi mtunza funguo ameitikia, na atasema aliyoyaona.

Alipoajiriwa, Bi Nukta alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili mwenye cheti cha hati mkato na taipu. Kazi yake ilikuwa kupokea simu na kuwaelekeza wageni. Jumba wakati huo lilikuwa na mtunzi wa densi mmoja tu, marehemu sasa, Mungu amrehemu, mtu wa kipaji kikubwa na maradhi madogo: alichokitunga asubuhi alikisahau jioni. Wachezaji nao kila mmoja alikumbuka lake. Siku moja binti wa mapokezi alipeleka ujumbe wa simu katika ukumbi wa mazoezi, akakuta ugomvi juu ya mguu upi ulitangulia jana. Alisimama mlangoni saa nzima na kalamu yake. Asubuhi ya pili mtunzi alikuta juu ya meza yake karatasi iliyopigwa taipu vizuri, kwa mtindo wa kumbukumbu za kikao:

"Waliohudhuria: wanne. Waliochelewa: mmoja, bila udhuru. Agenda ya kwanza: mguu wa kulia. Iliazimiwa uinuke hesabu ya tatu na ushuke hesabu ya sita. Agenda ya pili: mguu wa kushoto. Uliahirishwa."

Mtunzi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaisoma mara ya pili, akaamuru meza ya yule binti ihamishwe kutoka mapokezi na kuwekwa pembeni mwa kioo kikubwa cha ukumbini. Meza hiyo haijahama tena hadi leo, na miguu yake minne imechimba vishimo katika sakafu.

Baleti ni elimu ya mwili yenye istilahi zake na adabu zake, na Bi Nukta hakuijua hata kidogo. Alijifundisha. Akiwa na miaka ishirini na mitano alikuwa akijifungia ofisini wakati wa chakula cha mchana, anashika kabati la mafaili kama wachezaji wanavyoshika mbao ya ukutani, anakunja goti, ananyoosha mguu, anahesabu. Fundi mavazi alimfumania mara moja na akatangaza jumba zima kwamba kabati limepata mchumba. Bi Nukta alijibu kwamba mtu hawezi kunukuu lugha asiyoweza hata kusalimia nayo. Hakuwahi kucheza jukwaani. Lakini mchezaji aliyeweka kisigino pasipo pake hakupata kumdanganya.

Jina lake la utani lilitokana na mwisho wa masahihisho yake. Alikuwa akisema, "Bega chini, shingo ndefu, hesabu ya nne siyo ya tano. Nukta." Baada ya nukta hapakuwa na rufaa. Fundi taa, alipokuwa mgeni hapa, alichukua daftari la karibu akaulia mende. Aliamriwa kuomba radhi, naye akamgeukia Bi Nukta kwa unyenyekevu. "Siyo mimi," akaambiwa. "Mwambie mwenyewe." Mtu mzima yule aliinama juu ya meza na kuliomba daftari msamaha, na tangu hapo huua mende kwa kiatu chake.

Haki inataka kusemwa pia kwamba hakumwacha mtunza funguo salama. Mzee huyu alilelewa chuoni kwa walimu wa dini, na miaka yake ya kwanza hapa alipita ukumbini akiwa ameinamisha macho, kwa kuchelea kuona mapaja ya watu. Bi Nukta alimwambia mbele ya halaiki, "Shehe, ukiendelea kutazama sakafu utaangukia piano, na piano ni ya serikali." Baadaye, kwa upole zaidi, alimweleza kwamba asitazame mguu, atazame nia ya mguu. Huo ulikuwa mwanzo wa kuelewa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwalo wasifu huu umeandikwa hasa, na ambalo Bi Nukta mwenyewe ametoa ruhusa lisimuliwe, kwa sharti lisipambwe.

Miaka ishirini na miwili iliyopita marehemu mtunzi alitunga densi ya watu wawili aliyoiita Meza ya Wawili. Ni baleti ya mtindo wa kisasa: wachezaji hawavai viatu vya ncha, hawana taji wala mabawa. Kuna meza, viti viwili, mume na mke. Kwa dakika ishirini na sita tunatazama ndoa. Kuna mahali mume anakisogeza kiti chake shubiri moja, na mke, bila kumtazama, anakirudisha. Anakisogeza tena, kinarudishwa tena. Hufanyika hivyo mara tisa. Mara nne za kwanza ukumbi hucheka. Ikifika ya sita, hakuna anayecheka, na waliokaa na wenzi wao hutazama mbele kwa bidii. Kuna mahali mume anataka kumwinua mke, naye anakataa bila kukimbia wala kusukuma: anakuwa mzito tu, kama gunia lililolowa, hadi mume anapiga magoti. Na kuna mahali, baada ya ugomvi, mke anaweka wayo wake juu ya wayo wa mume, na mume anatembea hatua sita akiwa amembeba hivyo, na hatujui ni nani anayemwongoza mwenzake. Mtunza funguo, ambaye ameishi katika ndoa miaka arubaini na mitano, hajapata kusikia hotuba ya harusi iliyosema ukweli mwingi kiasi hicho.

Densi hiyo ilichezwa mara saba, kisha ikawekwa. Mtunzi akafariki. Mchezaji wa kiume akafariki. Mchezaji wa kike alihama, na barua zetu zilirudi. Mkanda mmoja uliorekodiwa uliliwa na ukungu. Mwaka huu Meneja alipoamua densi ifufuliwe kwa heshima ya Bi Nukta anayestaafu, shahidi pekee aliyekuwa hai alikuwa daftari namba kumi na tisa.

Waliopewa densi ni mume na mke kweli, wa miaka minne ya ndoa: kijana mrefu tunayemwita Twiga, na mkewe, ambaye ndiye mdogo kuliko wachezaji wote lakini anaitwa Shangazi kwa sababu hana asichokitolea ushauri. Bi Nukta aliwafundisha ukurasa kwa ukurasa. Kila kitu kilikaa vyema mpaka ukurasa wa mwisho. Hapo daftari linasema, kwa mwandiko wake mwenyewe ulionyooka: "Wanashikana mikono, wanaegemea nyuma. Kisha waachane."

Basi walishikana, wakaegemea, wakaachana. Twiga alitoka kulia, Shangazi alitoka kushoto, na jukwaa likabaki tupu. Shida ilikuwa kwamba muziki haukuwa umekwisha. Zilibaki hesabu kumi na sita. Mpiga piano wetu, mzee asiye na subira, alizipiga kwa wiki nne. Wiki ya tano aliinua mikono.

"Bi Nukta, hizi kumi na sita nampigia nani? Viti?"

"Kilichoandikwa kimeandikwa," alijibu. "Nukta."

"Basi viti vinashukuru."

Wachezaji walicheka. Shangazi akadakia kwamba yeye na mumewe wanaachana kila siku saa nne asubuhi, na saa saba wanarudi nyumba moja kupika kimya kimya. Twiga akaongeza, "Juzi tumefika mlango wa nje, mwenzangu akakata kushoto, mimi kulia. Nyumba yetu iko kulia."

"Nilikuwa nakwenda kununua sabuni!"

"Sabuni ipo."

"Ilikuwa inakaribia kwisha."

Watu walicheka tena, lakini wale wawili safari hii hawakucheka, na Bi Nukta aliliona. Siku mbili baadaye walimfuata mezani kwake pamoja, wakiwa wamekwisha kupatana la kusema. Waliomba watolewe. Shangazi ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsikia akitoa ushauri. "Mwalimu, mwili ni mwanafunzi mzuri mno. Ukiufundisha kuondoka kila siku, utaondoka. Tunaogopa." Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya onyesho la kwanza. Hapakuwa na wachezaji wengine ambao wangejifunza densi hiyo kwa siku tisa, na bila wao Meza ya Wawili ilikuwa inarudi kabatini kwa mara ya mwisho, kwa kuwa anayeweza kulisoma daftari lile alikuwa anastaafu.

Bi Nukta hakuwajibu siku ile. Alikwenda stoo kwa mtunza funguo akaomba ufunguo wa kabati la chuma, ingawa daftari alilolihitaji alikuwa nalo mkononi. Alikaa juu ya kreti la taa kuukuu, akalifungua ukurasa wa mwisho.

"Shehe, wewe umesoma. Kuachana na kuachiana vinatofautianaje?"

Mtunza funguo alianza kumweleza kwa utaratibu. Alisema kuwa kuachana ni kila mtu kushika njia yake, na kuachiana ni mmoja kulegeza alichokishika ili mwenzake apate nafasi. Kwamba aachaye huondoka, na aachiaye huenda bado yupo hapo hapo. Kwamba walimu wa chuoni waliwachapa watoto kwa irabu moja iliyodondoka, kwa sababu irabu ikianguka maana huanguka nayo...

"Sitaki hotuba," Bi Nukta akamkatiza. "Nataka herufi."

"Basi herufi ni moja. Ni i."

Bi Nukta alipitisha kidole juu ya neno lile. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa amelisahau kwa miaka ishirini na miwili. Ukurasa ule wa mwisho hakuuandika akitazama. Mtunzi aliumaliza jukwaani na wachezaji wake alasiri moja, wakati yeye amekwenda kwa fundi mavazi kusimamia vipimo. Mtunzi akamjia mlangoni kumsomea, na mtunzi siku hiyo alikuwa ametoka kung'olewa jino, pamba ikiwa bado imejaa shavuni.

Msomaji atauliza: je, hakuiona densi yenyewe ikichezwa mara saba? Hakuona mwisho wake. Kazi yake wakati wa maonyesho ilikuwa kumpelekea taulo na maji mchezaji wa kiume, aliyetokea upande wa pili baada ya makofi, na ili awahi ilimlazimu aondoke mapema na kuzunguka nyuma ya pazia kubwa. Dakika zile za mwisho alikuwa akitembea gizani na taulo begani. Mpiga piano wa wakati ule amekwisha kuzikwa. Na mtunza funguo, kwa aibu anakiri, kila mara alikuwa ametoka kwenda kufungua milango ya nje. Sisi sote tulikuwa ndani ya jumba, na mwisho hakuuona hata mmoja wetu.

Lakini Bi Nukta ana masikio. Asubuhi ya siku iliyofuata aliwaomba Twiga na Shangazi wamfanyie hisani moja tu kabla hajawapa jibu: wauchezee jukwaani ule mwisho kama ulivyoandikwa. Yeye hakuketi mbele. Alichukua taulo, akalitupia begani, akaenda kusimama nyuma ya pazia. Tulisikia piano. Tukasikia nyayo za watu wawili zikienda huku na huku, kisha viti vikipigiwa muziki. Bi Nukta alitokeza kichwa pembeni mwa pazia.

"Siyo. Sikupata kusikia nyayo hizo. Wale wa zamani walikokota unyayo mara moja, halafu hawakwenda popote. Nilikuwa nasikia watu wawili wanahema mahali pamoja, mpaka mwisho."

Baada ya hapo aliwaita wote: wachezaji, mafundi, mpiga piano, Meneja. Alisimama mbele ya kioo, mahali ambapo kwa miaka thelathini na saba alisimamisha wengine.

"Nimewasahihisha watu katika chumba hiki tangu baadhi yenu hamjazaliwa," alisema. "Nimewaambia daftari halikosei. Daftari limekosea, na aliyelikosesha ni mimi. Msimsingizie marehemu na jino lake. Nilisikia vibaya, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayeulizwa. Hawa wawili nimewaachanisha wiki tano bila hatia. Naomba radhi."

Wapo waliotaka kusema si kitu. Aliwazuia kwa kiganja. Aliliweka daftari juu ya piano, akachukua kalamu nyekundu ambayo hakuwahi kuitumia juu ya mwandiko wake mwenyewe, na baina ya h na a akachora kijiti kidogo. Alisita, kisha akaweka kitone juu yake.

"Nukta," alisema mpiga piano, kwa sauti ya chini sana.

Tangu siku hiyo ukurasa unasomeka: "Kisha waachiane." Twiga na Shangazi walisimama uso kwa uso, wakashikana vifundo vya mikono, wakaegemea nyuma mpaka uzito wa kila mmoja ukawa mikononi mwa mwenzake. Halafu vidole vikaanza kulegea, kimoja baada ya kingine, kila mmoja akimrudishia mwenzake uzito wake taratibu ili asianguke. Unyayo mmoja ukakokotwa sakafuni. Kisha wakabaki wamesimama, kila mtu kwa miguu yake, hatua moja baina yao, hawagusani na hawaondoki, kwa hesabu kumi na sita. Muziki ulitosha, haukupungua wala kuzidi.

Shangazi alishuka jukwaani jasho likimtiririka. "Kumbe kazi ngumu ndiyo hii," alisema. "Kule kuondoka kulikuwa rahisi." Hawakuomba tena kutolewa. Mchana ule mtunza funguo alikuwa mlango wa nje. Walipofika barazani, Shangazi alisimama, akatazama kushoto.

"Sabuni sasa imekwisha kweli," alisema.

"Haya, twende wote tukainunue," Twiga akajibu, na wakaenda kushoto wawili, kisha baada ya robo saa wakapita tena kuelekea kulia.

Waja wa Mungu husifiwa kwa mengi. Bi Nukta angeweza kusifiwa kwa madaftari arubaini na moja, kwa wachezaji zaidi ya mia mbili waliopita mikononi mwake, kwa kutochelewa hata mara moja isipokuwa siku aliyojifungua kitindamimba wake, na hata siku hiyo alituma udhuru wa maandishi. Haya yote ni kweli, na ofisi inayashukuru. Lakini mtu mwenye elimu aliye tayari kuufungua tena ukurasa wake mwenyewe, mbele ya wanafunzi wake, zikiwa zimebaki wiki chache aondoke na sifa yake ikiwa kamili, huyo ni adimu. Wengi wetu tungeiacha irabu ilale kabatini na kustaafu kwa amani.

Madaftari anayakabidhi leo kwa Shangazi, pamoja na ile kalamu nyekundu, kwa maelekezo kwamba itumike bila haya. Mume wa Bi Nukta, fundi bomba mpole ambaye kwa miaka yote hii amemngoja nje na mwavuli, amesema anachohofia ni kimoja: kwamba sasa ataanza kunukuliwa yeye, kutoka kitandani hadi jikoni. Tunamwombea subira.

Limebaki jambo la mwisho. Densi ilipofunguliwa wiki tatu zilizopita, tulimwekea Bi Nukta kiti cha heshima pembeni mwa safu ya mbele. Zilipokaribia zile hesabu kumi na sita, kiti kilikuwa kitupu. Miguu yake ilikuwa imemchukua yenyewe, na tulimkuta nyuma ya pazia, taulo begani, anasikiliza. Kwa hiyo alasiri ya leo, Meza ya Wawili itakapochezwa kwa heshima yake, kiti chake kimewekwa katikati kabisa ya safu ya tatu, mumewe kulia kwake na mtunza funguo kushoto, na milango ya nje itafunguliwa na mwingine. Taulo pia litapelekwa na mwingine.

Bi Nukta, dada yetu na mwalimu wetu, keti utazame. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kila hatua uliyoinusuru isipotee, akupe umri wenye afya, nyumba yenye utulivu na siku ndefu zisizo na hesabu. Nasi hatuachani nawe. Tunaachiana.